Seti ya maumbo ya mbao kutoka kwa seremala wa Tabora: vipande vizuri, sanduku linapotosha

Kwa mihula miwili nimetumia katika darasa langu la nne seti ya maumbo bapa yaliyochongwa kwa masalia ya mninga na seremala mmoja wa hapa Tabora mjini, ambaye huiuza kwa shilingi 25,000. Ina vipande 32 vilivyopigwa msasa vizuri, na havikupakwa rangi. Mwanzoni niliuona huo kuwa upungufu, lakini baadaye nilishukuru, maana penye rangi watoto hupanga kwa rangi kabla hawajatazama pande.

Thamani yake kubwa imo katika pembetatu. Mabango ya ukutani huonyesha mara nyingi pembetatu yenye pande sawa iliyokaa kwa kitako, na mtoto akishaizoea sura hiyo huzikataa nyingine. Seremala huyu amechonga hata pembetatu ndefu na nyembamba isiyo na pande mbili zinazolingana, na nilipoiweka mezani watoto kadhaa walisema si pembetatu kwa kuwa "imelala". Mraba nao nilipousimamisha kwa kona, msichana mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo sasa ni kashata." Alipima pande kwa rula na pembe kwa kona ya daftari, akaugeuza mara tatu, ndipo akakubali kwamba hakuna kilichobadilika.

Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Uholanzi, walieleza mwaka 1957 kwamba mwanafunzi huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kisha kwa sifa zake, na baadaye huhusianisha sifa hizo hadi akaona kuwa kundi moja la maumbo limo ndani ya jingine. Na kwamba kinachomvusha hatua hizo ni mafunzo zaidi kuliko umri.

Hapo ndipo sanduku linapoharibu kazi. Limegawanywa vyumba vyenye maandishi: mraba, mstatili, msambamba (umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba), trapeza (umbo la pande nne lenye jozi moja ya pande sambamba), pembetatu. Mvulana mmoja alitaka kuutia mraba katika chumba cha mstatili, akieleza kwa usahihi kabisa kwamba una pembe mraba (za nyuzi 90) nne, na hilo ndilo linalolifanya umbo la pande nne kuwa mstatili, lakini wenzake walimwonyesha maandishi naye akanyamaza. Niliumia sana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amefikiri. Sasa nimeliweka sanduku kabatini, na badala yake natandaza sakafuni mizingo ya kamba ya katani: wa mraba ndani ya wa mstatili, na wa mstatili ndani ya wa msambamba.

Nilimweleza fundi, akanisikiliza kwa makini, na sasa huuza vipande peke yake kwa shilingi 18,000. Darasa la watoto 70 linahitaji angalau seti tatu, na ni vyema kuagiza kabla muhula haujaanza, kwa kuwa huchonga pale tu anapopata masalia ya kutosha.