Vichujio vya bronzi vya regulata za oksijeni: vinane nimevikubali, viwili nimevirudisha

"Fundi, flomita nimefunga lakini hii regulata bado inafoka pembeni." Ndivyo sista wa wodi ya watoto alivyoniita, hapa Arua, Uganda. Regulata hushusha presha ya oksijeni inayotoka kwenye mtungi; flomita hupima na kurekebisha inayomwendea mgonjwa. Nilipoifungua regulata, sehemu ya kuingilia oksijeni haikuwa na kichujio. Fundi aliyenitangulia alikiondoa, nadhani ili hewa ipite vizuri! Vumbi letu jekundu na vichembe vya chuma vilikuwa vimekwaruza siti ya valvu, pale valvu inapokaa ikifunga, presha ikavuja ndani hadi valvu ya usalama ikafunguka.

Kufoka ni afadhali. Kichembe kikirushwa na presha ya bar zaidi ya 100 ndani ya oksijeni tupu, kikigonga ukuta chaweza kuwasha moto. Ndiyo maana hapo huwekwa bronzi, ambayo haishiki moto kirahisi kama aluminiamu.

Niliagiza vichujio 10 kutoka duka moja Kampala, shilingi 9,000 kila kimoja, vikaja na basi la usiku. Vina umbo la subana ndogo. Ukivitazama kwa lenzi unaona chembe za mviringo kama mtama ulioshikana: unga wa bronzi hupashwa moto kwenye kalibu bila kuyeyuka, chembe zikaungana zinapogusana, na mianya inayobaki ndiyo njia ya hewa.

Sikuviamini kwa macho. Nilivilowesha kwenye spiriti, nikasukuma hewa taratibu kwa bomba la sindano. Vinane vilitoa mapovu madogo pande zote. Viwili vilitoa povu moja kubwa, palepale kila mara: ufa. Muuzaji amevipokea bila ubishi, ila nauli ya kurudisha ni yangu.

Kilichoniudhi ni mfuko. Ulikuwa wazi, na ndani unanuka oili. Oili na oksijeni ya presha, huo ni moto! Kitu cha kazi hii hufungwa, kikaandikwa kwamba kimesafishwa kwa ajili ya matumizi ya oksijeni. Vile vinane nimeviosha vyote upya na kuvikausha kabla ya kuvigusisha na regulata.

Nilichukua pia vizibo vitatu vya stenlesi vyenye vinyweleo, vya kupunguza mtiririko. Vimeandikwa "lita 2 kwa dakika" basi, bila kutaja ni kwa presha gani. Presha ikipanda mtiririko nao unapanda, sasa hiyo lita 2 ni ya wapi? Viko kwenye droo.

Regulata ya watoto nimeibadilisha siti na kuiwekea kichujio. Wiki ya tatu hii, kimya. Sista ameshaanza kuniulizia ya wodi ya wazazi.