Nimeshusha GT86 nyumbani kwa springi fupi, uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa, springi zenyewe nazipa nane kwa kumi na kazi ya kuzifunga nyumbani inawezekana kabisa kama una jeki ya maana na huna haraka, ila kinachoamua kama utaifurahia gari au utaichukia sio springi bana. Ni namna ulivyokaza bolti za mwisho na ulivyopanga tairi baada ya hapo. Hilo watu hawalisemi, gari ikishakaa chini inapigwa picha basi stori imeisha.

Gari yenyewe ni Toyota GT86, ile pacha wake Subaru BRZ, zilitoka 2012 na injini ya boksa iliyolala chini kabisa kwenye boneti. Sasa gari ya namna hiyo, imeundwa uzito ukae chini, halafu kiwandani wakaiacha na uwazi kati ya tairi na madigadi hadi ngumi inapita, kiukweli ilikuwa inanikera kila nikiiangalia kwa ubavu. Nikawa na njia tatu mbele yangu: koiloova, yaani seti ya shokapu na springi zile za kurekebisha urefu, springi fupi tu na kubaki na shokapu zilezile, au ile ya bure ya kukata springi kwa grainda.

Ya grainda mi siitaki hata kuisikia. Springi ukiikata mikunjo inapungua na inakuwa ngumu zaidi bila mpangilio, na pale ulipokata panabaki ncha ambayo haikai vizuri kwenye kitako chake, gurudumu likining'inia springi inaweza kutoka mahali pake kabisa. Na wale wanaoichoma kwa gesi mpaka ishuke yenyewe ndo wabaya kuliko wote, chuma kishapoteza ugumu wake, leo imeshuka hivi kesho imeshuka zaidi. Koiloova ni nzuri ila kwa mtu anayeenda trakini (uwanja wa mbio) au anayependa kuchezea urefu kila mara, mi nilitaka kufunga nisahau. Nikachukua springi zilizoandikwa mm 25 mbele na nyuma, za aina ambayo mikunjo ya juu imekaribiana na ya chini imeachana, kwa hiyo kwenye vijishimo vidogo zinakuwa laini na ukiikandamiza gari kwenye kona zinakuwa ngumu.

Kuna jamaa wataniuliza kwa nini nisishuke mm 50 kabisa nimalize. Iko hivi: mbele GT86 inatumia stratsi, yaani shokapu na springi ni mzigo mmoja ulioshikwa juu kwenye bodi na chini kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na chini kuna mkono mmoja unaoelekea katikati ya gari. Gari ikiwa na urefu wa kawaida huo mkono uko karibu na ulalo au unateremka kidogo kuelekea tairi. Ukishusha sana mkono unapanda upande wa tairi, na kile kituo ambacho bodi inazungukia ikilala kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari iko chini kwa macho lakini inataka kulala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo, afu unalazimika kuweka springi ngumu kama mbao kuficha hilo tatizo. Mm 25 hadi 30 kwa hii gari ndo nimeona panatosha, zaidi ya hapo unaanza kununua vifaa vya kurekebisha ulichoharibu.

Kabla hujafungua hata nati moja, pima. Na usipime kutoka chini hadi madigadi, upepo wa tairi unakudanganya, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, andika mahali. Utazihitaji hizo namba baadaye na sio kwa ajili ya kujisifia tu.

Mbele ni rahisi. Jeki, stendi mbili imara chini ya sehemu ngumu ya bodi (jeki peke yake hapana jamani, hata kama ni mpya), tairi nje. Unafungua klipu ya hosi ya breki na waya wa ABS pale kwenye stratsi ili visivutike, unatoa linki ya stabilaiza (ile fimbo inayozuia bodi isilale sana kwenye kona), halafu bolti mbili kubwa zinazoshika stratsi na habu. Hapo weka alama kwa rangi au msumari jinsi bolti zilivyokaa, maana zina uwazi kidogo na ule uwazi unabadilisha mlalo wa tairi, yaani juu yake inavyoinamia ndani au nje. Juu kwenye boneti kuna nati tatu, ukitoa ya mwisho shika stratsi kwa mkono mwingine isije ikaanguka. Habu ifunge na kamba isiining'inize hosi ya breki.

Sasa hapa kwenye kompresa ya springi, kile kifaa cha kuibana, naomba mtu asome polepole. Springi yenye ugumu wa nyutoni (N) 25 kwa kila milimita ukiibana sm 10 inakusukuma kwa N 2,500, hiyo ni kama uzito wa kilo 250 umekaa unasubiri kulabu iteleze. Weka kulabu mbili zinazotazamana kabisa, kaza huku kidogo na kule kidogo, kwa mkono na sio kwa gani ya upepo, na uso wako usiwe kwenye mstari wa springi hata sekunde moja. Ukiona springi inacheza kwenye kitako chake basi mzigo umeshatoka kwenye nati ya juu, ndo ufungue. Ile nati inazunguka pamoja na fimbo ya shokapu, kwa hiyo unaishika fimbo kwa ufunguo wa alen pale katikati huku unafungua kwa ringi spana. Habari njema ni kwamba springi mpya fupi inaingia karibu bila kubanwa, kurudisha ni kazi ya dakika kadhaa tu. Hakikisha mwisho wa springi umegusa kale kakizuizi kwenye kitako cha chini, ukikaacha mbali springi itajizungusha yenyewe barabarani na utasikia 'tang' kila ukikata kona.

Kwenye boksi waliweka maelekezo ya kukata sehemu ya ule mpira wa kuzuia shokapu isigonge mwisho. Usiupuuze huo mpira. Gari imeshuka, maana yake shokapu inafanya kazi chini zaidi kwenye mwendo wake, nafasi ya kupanda imepungua, mpira ukibaki mrefu unaukalia kila tuta na watu wanasema "springi ngumu hizi" kumbe springi haina kosa, umekalia mpira.

Nyuma sina mengi. Unafungua kapeti za buti kuzifikia nati za juu, chini bolti ya shokapu, linki ya stabilaiza, mkono unasukumwa chini na shokapu inatoka. Kama gari yako ina taa zinazojipanga zenyewe kuna senso ndogo yenye kamkono kwenye mkono wa nyuma, usiivute kwa nguvu.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike. Hizi bushi za mikono na za shokapu sio za kuzunguka, mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, ukikaza bolti ile pipa ya ndani inakamatwa na mpira unajipinda kila gurudumu linapopanda na kushuka. Sasa ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia hewani, umeifundisha bushi kwamba kuning'inia ndo nyumbani. Ukishusha gari chini mpira umeshapindwa hata kabla hujaondoka, unasukuma gari juu kidogo, unaongeza ugumu usio wa springi, na baada ya muda unachanika. Nusu ya malalamiko ya "nimeshusha gari imekuwa kama mkokoteni" naamini yanatoka hapa. Na hata bolti ambazo hukuzigusa, zile za mkono wa chini mbele, zilikazwa kiwandani kwa urefu wa zamani, kwa hiyo zilegeze nazo uzikaze upya.

Nilichofanya mi ni kukaza kwa kushikiza tu, nikashusha gari kwenye tairi, nikaisukuma mbele na nyuma ili tairi zitulie, nikapima tena habu hadi madigadi, hiyo ndo namba mpya. Kisha nikapandisha, tairi nje, stendi zikiwa pale pale, nikaweka jeki chini ya mkono na kuipandisha habu taratibu mpaka ile namba mpya irudi kwenye tepu. Ukiona bodi inataka kuachana na stendi umeshafika, usiendelee. Hapo ndo unachukua toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kukaza kwa vipimo vya kitabu cha gari, kona moja baada ya nyingine. Inachosha na mgongo utalia, ila tofauti niliisikia mita chache tu baada ya kutoka getini.

Kuendesha sasa. Usukani unajibu haraka zaidi, ukiachia gesi katikati ya kona pua inaingia bila kujishauri, na ile kuinama kwa pua ukikanyaga breki imepungua sana. Kwenye lami nzuri huwezi kujua springi zimebadilishwa mpaka upate kona. Kwenye lami iliyochoka unasikia, vimashimo vifupi vya mfululizo vinapita hadi kwenye kiti, sio maumivu lakini abiria atauliza. Matuta marefu hakuna shida, yale mafupi ya ghafla nayapanda kwa pembeni. Mwanzoni mbele ilishuka mm 22 tu, baada ya kutembea springi zikatulia ikafika 25 kama boksi linavyosema, nyuma ikaishia 24. Hapo nawapongeza waliotengeneza, si kila springi inasema kweli.

Usiende wili alaimenti (kupanga tairi) siku hiyo hiyo basi, subiri springi zitulie ndo uende. Ila usichelewe pia! Gari ikishuka tairi za nyuma zinalala ndani kwa juu, yangu ilikuwa karibu nyuzi 2 nyuma, na mbele haikufika hata 1. Watu wanaogopa huo mlalo kwamba utakula tairi upande wa ndani, lakini mlaji mkubwa ni pua za tairi kutotazama mbele sawasawa, na hizo zinahama zenyewe ukishusha kwa sababu fimbo za usukani zimebadilisha pembe. Pua zikinyooshwa vizuri, mlalo wa nyuzi mbili unavumilika kabisa. Usukani wangu ulikuwa umekaa upande kidogo, fundi akaunyoosha. Mlalo wa nyuma kwa hii gari hauna pa kuurekebishia bila kununua mikono ya chini ya kurekebishika, kwa hiyo mi nimeuacha ulivyo.

Pointi mbili nilizonyima ni hizi: rangi ya springi ilikuwa imechubuka kwenye kulabu kabla hata ya kufunga, ikabidi niipakie upya isiote kutu, na maelekezo yote ni michoro midogo bila neno hata moja kuhusu kukaza bolti kwenye urefu wa gari. Kama shokapu zako zimeshaanza kuvuja mafuta usinunue hizi kwanza, springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka itakurusharusha tu. Zangu bado kavu. Zikichoka nitaweka shokapu fupi zinazoendana na springi hizihizi, koiloova bado sijashawishika.