Kuchukua Mbwa KSPCA, Karen: Maoni ya Mama wa Rongai

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake: ukitafuta mbwa hapa Nairobi, anzia KSPCA, chama cha kutetea wanyama kule Karen, kabla hujamtumia mtu yeyote pesa ya mtoto wa mbwa chotara. Sikuambii hivyo kwa kuwa ni rahisi. Utajaza fomu, utaulizwa maswali ambayo hata mwenye nyumba wako hakukuuliza, na ua wako utakaguliwa. Wauzaji wote niliopitia kabla ya hapo walikuwa na swali moja tu: unalipa M-Pesa au taslimu?

Mimi ni mtu wa Malindi, nimeolewa Rongai. Ua wetu una mabati upande mmoja na michongoma upande wa pili, na tangu jirani aibiwe kuku pamoja na pampu ya maji, tulikubaliana kwamba mbwa anahitajika. Kikwazo kilikuwa kijana wetu wa pili. Ana mzio: vumbi, paka, blanketi la sufu, vyote humtoa machozi. Mume wangu akachimba kwenye simu yake usiku kucha, akaamka na habari njema. Kuna mbwa wasioleta mzio, akasema, labradoodle, chotara wa Labrador na Poodle, na kuna mtu anao. Shilingi 80,000, nusu itangulie.

Kwa 80,000 mtu ana haki ya kusoma kwanza. Mbwa hao walianzia Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwanamke asiyeona wa Hawaii aliomba mbwa wa kumwongoza, lakini mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Wally Conron, aliyekuwa akipandisha mbwa wa shirika la kuwasaidia wasioona, akampandisha Labrador kwa Poodle, wakazaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii, na katika watatu hao ni mmoja tu aliyemfaa yule bwana. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja, na bado wawili walifeli! Hakuna familia iliyotaka kuwalea chotara hao mpaka walipobandikwa jina la labradoodle. Baada ya hapo kila mtu alimtaka. Mwaka 2019 Conron aliiambia ABC, shirika la utangazaji la kwao, kwamba anaijutia kazi ile, kwa sababu watu walianza kupandisha chochote kwa chochote bila kujali maradhi ya wazazi.

Na hilo la mzio lenyewe halisimami. Watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo mwaka 2012: mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio hawakuwa na kisababishi kidogo kwenye manyoya yao kuliko wengine. Walikuwa nacho zaidi. Kinatoka kwenye mate na ngozi, si kwenye urefu wa nywele. Nisiwaonee chotara, hata hivyo. Utafiti wa chuo cha mifugo cha London wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba magonjwa yao kwa jumla hayapishani sana na ya wazazi wa mbegu safi. Si wagonjwa zaidi, wala si wazima zaidi. Basi ile 80,000 nilikuwa nalipia nini? Jina.

Tukashuka kwenye mbwa wa bei nafuu. Ukipita Ngong Road au Limuru Road utawaona vijana wamesimama kando ya barabara na watoto wa mbwa mikononi, wengine ndani ya katoni. Magari yakipunguza mwendo, mtoto wa mbwa anafikishwa dirishani. "Madam, shika tu, hulipii kushika." Huyu ni German Shepherd krosi, yule Rottweiler krosi, na kale keupe ni Maltese krosi, wote watatu, ukiniuliza mimi, walikuwa ndugu. Bei ilianza 15,000, na kabla taa hazijawaka kijani imeshuka hadi 6,000. Nikaomba kadi ya chanjo. Ipo, na tarehe zote zimeandikwa kwa kalamu ileile, mwandiko uleule. Kadi ya kweli hubandikwa vile vibandiko vidogo vinavyotolewa kwenye chupa ya chanjo, vyenye namba ya toleo, na daktari hutia sahihi. Hii haikuwa na kibandiko hata kimoja. Ilidai pia kwamba mtoto huyu, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu.

Hapo ndipo wengi hunaswa, na hawanaswi na tamaa. Wananaswa na huruma. Unamwona amelegea, jua kali, koo kavu, unasema bora nimwokoe. Nawaelewa, mkono wangu ulishafika kwenye pochi. Lakini ile 6,000 haimwokoi mbwa, inamlipa aliyemweka pale, na kule nyuma kuna jike ambaye atapandishwa tena joto likimrudia kwa sababu watoto wake wamenunulika. Jirani yetu alimnunua mmoja kwa huruma hiyohiyo. Mbwa huyo alikufa kwa parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, wiki ileile, na virusi vya parvo hukaa udongoni miezi na miezi, kwa hiyo hata wa pili hakuweza kumleta mpaka awe amekamilisha chanjo.

Nilichojifunza kuuliza ni hiki: mama yake yuko wapi? Uingereza wameliandika swali hilo kwenye sheria. Tangu Aprili 2020 mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe, na mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake pale alipozaliwa. Wanaiita Sheria ya Lucy, jina la jike wa Cavalier King Charles aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani. Hapa kwetu hakuna wa kukuulizia, uliza mwenyewe. Mzee wa kule kwetu Rongai ambaye jike wake amezaa na anakuonyesha mama amelala chini ya mti, matiti bado yana maziwa, huyo sina ugomvi naye. Chukua mtoto wake na umshukuru.

Mama yangu alikuwa na hoja yake, wala haikuhusu Australia. Nilimpigia simu Malindi nikamweleza bei. Kimya. Kisha: "Mwanangu, mbwa wa ulinzi ruhusa, lakini thamani ya mbwa Mtume alikataza. Wewe utamnunuaje?" Kwetu Mashafii jambo hilo linajulikana, ila huku Nairobi nilikuwa nimelisahau kama nilivyosahau kupaka wanja. Nikamweleza kuhusu KSPCA: mbwa hauzwi, unachangia gharama za chanjo, dawa ya minyoo na kuhasiwa, na unamtia mnyama asiye na mtu chini ya himaya yako. Akafikiri. "Hilo ni jingine," akasema, "ila asiingie ndani." Tukakubaliana.

Sasa KSPCA yenyewe. Ni chama kikongwe, kilianza mwaka 1910, na makao yake yako Karen. Kelele utazisikia kabla hujashuka garini. Mimi nilidhani nitakuta mbwa koko watupu, wale wa rangi ya mchanga wenye mkia uliojikunja. Wapo, na ni wazuri. Lakini kulikuwa pia na krosi za German Shepherd, wakubwa, wenye adabu, ambao ni wazi walikuwa na nyumba. Watu hununua katoto barabarani, kanakuwa jibwa linalokula kilo za unga, mkataba wa nyumba unaisha, basi. Bidhaa ileile ya Ngong Road, miaka miwili baadaye, imekwisha kuchanjwa na kuhasiwa. Ukielewa hivyo, kununua kule wakati wamejaa huku kunakuwa kichekesho.

Niliulizwa: ua umefungwa? Mwenye nyumba anajua? Mchana nani anabaki? Atafungwa mnyororo? Atalala wapi? Hilo la mwisho nililiogopa, nikidhani wanataka mbwa alale kochini kama wa Wazungu. Nikasema ukweli: sisi Waislamu, atalala nje. Dada aliyekuwa akinihudumia hakushtuka hata kidogo. Alichotaka kujua ni kama kibanda kina paa lisilovuja, kimeinuliwa kutoka chini na hakielekei upepo. Mume wangu alinung'unika kuhusu maswali njia nzima ya kurudi. Mimi yalinipendeza. Anayekuuliza atalala wapi ana nia ya kujua jibu.

Kijana tulimpeleka makusudi, akakaa na jike mmoja wa rangi ya shaba, sikio moja limesimama, la pili limelala. Akalambwa mikono yote miwili. Tukasubiri, tukarudi siku nyingine, tukasubiri tena. Chafya alipiga, chache, macho yakabaki meupe. Daktari wake akasema tujaribu, anawe kila baada ya kucheza, na mbwa asiingie chumba cha kulala. Hapo mama yangu na daktari walikuwa na fatwa moja.

Tumemwita Shaba. Usitarajie mbwa wa tangazo la biashara. Historia yake haijulikani, na huko mwanzo alikuwa akijificha kila mtu akishika ufagio. Unaweza kukisia kwa nini. Mpanda bodaboda mwenye koti la mvua humtoa akili mpaka leo. Ukitaka kujua atakuwa na kilo ngapi na tabia ya nani, basi nenda kwa mfugaji wa mbegu safi aliyesajili mbwa wake East Africa Kennel Club, akuonyeshe wazazi na karatasi, ulipe bei yake bila kulalamika. Na ukiwa na mtoto mchanga nyumbani, zungumza na watu wa kituo kwa kirefu, wao ndio wanaokaa na mbwa hao kila siku.

Usiku anabweka kwa sababu, hana upuuzi. Anakula ugali wa unga wa mahindi na omena au matumbo, na chakula cha gunia mwisho wa mwezi ukiwa mzuri. Ukienda, chukua barua ya mwenye nyumba na picha za ua wako kwenye simu, na wapeleke wote mnaoishi nao. Kibanda kijengwe kwanza, maana fundi wa Rongai akikwambia kesho, mbwa atafika kabla yake.