Joto la juujuu na joto la kina: lipi hukipa kimbunga nguvu?

Ili kimbunga kizaliwe, maji ya juu ya bahari huhitaji kufika takriban nyuzi 26.5 za Selsiasi. Hapo mvuke hupanda kwa wingi, hupoa angani na kugeuka mawingu, na joto linaloachiwa ndilo linaloendesha dhoruba. Lakini kipimo hicho cha juu kinaweza kudanganya.

Chukua bahari mbili, zote zina nyuzi 29 juu. Ya kwanza ina joto linaloshuka mita 20 tu kutoka juu. Dhoruba ikifika, upepo wake huyakoroga maji, ya baridi yakaibuka kutoka chini, na dhoruba ikajikatia chakula chake yenyewe. Ikienda polepole ndiyo inaumia zaidi, maana inakaa juu ya maji iliyoyapoza.

Ya pili ina joto linaloshuka mita 100 au zaidi. Hapa hata ikoroge vipi, kinachoibuka bado ni maji ya moto. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 2005 katika Ghuba ya Mexico: dhoruba iliyoitwa Katrina ilipita juu ya maji ya Mkondo wa Loop, mkondo wa maji ya moto unaoingia ghuba hiyo kutoka Karibi, yenye joto lililozama sana, na tarehe 28 ikafika daraja la 5, la juu kabisa kwa vimbunga, upepo ukivuma kilomita 280 kwa saa.

Kwangu, basi, joto la kina ndilo la kuogopwa. Ila upepo wa chini na wa juu angani ukipishana sana kwa kasi au mwelekeo, kimbunga huraruka hata juu ya bahari hiyo ya pili.