Hedifoni zangu za Kariakoo, na yule aliyesema sauti yangu ndiyo ndogo

Kwanza tuelewane: mimi sauti yangu si ndogo. Nikimwita mwanangu jioni arudi ndani, hapa Tabata wanarudi na watoto wa nyumba tatu za mbele. Kwa hiyo yule kijana wa duka pale Mtaa wa Aggrey aliponiambia, mdomo umejaa chipsi mayai, "Dada, maiki nzima hii, sauti yako ndiyo ndogo," niliona giza.

Nilizinunua kipindi kile cha mvua, zile kubwa zisizo na waya, za kufunika masikio. Shilingi 65,000, tena tulianzia 90,000. Kwa muziki sina neno. Konda anagonga bati na kupiga kelele za Segerea, mimi sina habari naye. Balaa ni kuongea. Kazi yangu ni kuhudumia wateja nikiwa nyumbani, kutwa simu na vikao vya Zoom, na kila nikifungua mdomo: "Hatukusikii." "Sogea karibu na maiki." Nisogee wapi wakati nimeivaa kichwani? Siku moja bosi akaniuliza kama nimetumbukia kisimani.

Nilihangaika mwenyewe kwanza. Nikaingia setingi za sauti kwenye Windows, upande wa kurekodi, nikakuta maiki iko chini ya nusu. Nikaipandisha hadi 100. Nikatoka kusikika kama mgonjwa, nikawa kama mgonjwa aliyepata uji. Nikatafuta ile sehemu ya kuiongezea nguvu, maiki ya laptopu yenyewe inayo, hizi za Bluetooth hola. Nikazifuta kwenye laptopu, nikaziunganisha upya. Mwisho nikaziunganisha na simu, nikarekodi voisi ya WhatsApp: yale yale. Basi kompyuta haikuwa na kosa.

Ndipo nikarudi dukani. Kijana hata hakunawa mikono. Akazivaa, akasema "haloo haloo" mara mbili, akanirudishia zina mafuta. Nikaomba anibadilishie. Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Akaniuliza risiti iko wapi. Risiti! Siku ya kununua si yeye aliyeniambia mashine imeishiwa karatasi, nipite kesho? TRA, wale watu wa kodi, wanatuimbia kila siku tudai risiti, nami nilidai, halafu nikaondoka bila nayo kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Hilo ni langu, nalikubali.

Shoga yangu akanielekeza kwa fundi mmoja Makumbusho, kibanda hakizidi mlango wa kabati. Mtu mpole. Akasikiliza ile voisi yangu, akaniambia, "Dada yangu, hizi ukianza kuongea, zinaacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, inayobeba sauti kwenda na kurudi, kwa hiyo sauti inabanwa. Za zamani zinapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, mpya nyingi 16,000, wakati CD ni 44,100. Kwa hiyo sauti itakuwa nyembamba. Lakini nyembamba si ndogo. Hii yako imezibwa."

Akawasha tochi ya simu, akazigeuza. Kimya. Halafu akauliza, "Hili kava umelitoa wapi?"

Kava la silikoni, la zambarau. Akalibandua taratibu kama anamenya embe, na pale chini, karibu na pa kuchomekea chaji, kikaonekana kitundu cha kuingia ncha ya pini. Kava lilikuwa na nafasi ya chaji, ya vitufe, ila ya maiki hakuna. Lilikatwa kwa hedifoni nyingine kabisa. Akanirekodi tena bila kava. Nilijisikia hadi nikaona aibu. Jirani mwenye kibanda cha vocha aligeuka. Hela hakutaka, nikamwachia ya soda.

Sasa niulizeni kava nililitoa wapi. Nililipa 5,000 zaidi kwa yule yule mla chipsi! Alilivalisha kwa mikono yake, akalipuliza vumbi, akasema "hapa umezilinda, dada." Na siku niliyorudi alijaribu maiki kava likiwa palepale.

Nilitaka kuwaambia msinunue hizi hedifoni. Nafuta. Nunueni, kwa bei ile ni nzuri, chaji inanipeleka siku mbili za kazi. Ingawa nao waliozitengeneza, kitundu cha maiki unakiweka chini pale ambapo kila mtu anashika akizivua, mnategemea nini? Basi nunueni, ila mzivae uchi.

Kava ninalo kwenye mkoba. Jumamosi nashuka Gerezani, pale pale Kariakoo, ninakwenda kudai 5,000 yangu, na nitaidai kwa hii hii sauti yangu ndogo.