Darasa la awali la shule ya serikali: mpeleke, ila kakague kwanza

Haya ni maoni yangu kuhusu darasa la awali katika shule za msingi za serikali, Tanzania Bara, kwa mzazi anayejiuliza ampeleke mtoto huko au alipie chekechea ya mtaani. Mimi nasema mpeleke. Lakini kwanza nenda ukakae nyuma ya darasa asubuhi moja.

Kwenye makaratasi huduma hii haina ubaya. Sera ya elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, ada ikaondolewa kuanzia 2016, na mtaala wa 2016, uliotumika hadi 2023, ulitaka mtoto ajue kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya yake na kutumia dhana za kihisabati. Kipindi ni dakika 20. Mwalimu mmoja, watoto 25.

Hiyo 25 kutofuatwa ndiko kunakoharibu mengine yote. Shule zenye msongamano utakuta mara tatu yake au zaidi, na mwalimu akishazidiwa hana njia ila kuimbisha: a, e, i, o, u, darasa zima kwa sauti moja. Mgeni husifia, maana watoto wamechangamka. Kumbe sauti ya wengi humficha asiyejua.

Kwa hiyo mimi siangalii madaftari. Nachukua vizibo vya soda kumi, namwekea mtoto mezani, namwambia, "Nipe vitatu." Mtoto anayeimba namba hadi 50 bila kukwama anaweza kukukabidhi vizibo vyote. Huyo amekariri wimbo, hajajua idadi. Kwa lugha namuuliza maneno "embe" na "elimu" yanaanza na sauti gani, au nampa picha anisimulie anachokiona.

Ukiwa darasani, kaa vipindi viwili, na kila baada ya dakika tano andika watoto wengi wanafanya nini: wanaitikia pamoja, wanashika kitu, wanaongea, au wanasubiri tu. Kusubiri ndiko kunakokula muda: kusubiri kalamu ichongwe, daftari lisahihishwe, zamu ya choo. Tazama pia kona za kujifunzia, yaani pembe za darasa zenye vifaa vya watoto kushika na kuchezea. Vifaa vikiwa na vumbi, au vimefungiwa kwa mwalimu mkuu "visipotee", ujue hiyo kona ni ya wageni. Vivyo hivyo chati zilizobandikwa usawa wa macho ya mtu mzima.

Choo usikiruke. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25, lakini tundu lililochimbwa kwa ajili ya darasa la saba linamtisha mtoto wa miaka mitano, naye atajizuia mpaka ajichafue. Gharama? Ada hakuna, ila sare, madaftari na mchango wa uji vipo. Uji usiuonee uchungu. Mtoto mwenye njaa hafundishiki saa nne asubuhi.

Neno kwa kamati za shule zinazotaka kujua kama darasa lao linasaidia. Msilinganishe waliopita awali na wasiopita mkaishia hapo. Waliopita mara nyingi ni wa nyumba za karibu, na wazazi wao hufuatilia. Tofauti ilikuwepo kabla hata mwalimu hajafungua mdomo. Pimeni watoto walewale Februari na tena Novemba, kwa maswali yaleyale, na mwandike mwezi wa kuzaliwa wa kila mmoja, kwa sababu katika umri huo miezi tisa pekee inamkuza mtoto bila shule. Kama wako 70, chukueni kila wa saba kwenye daftari la mahudhurio. Mkimwachia mwalimu awachagulie, atawaletea wale wale wanaokaa mbele.