Jiwe hai au jiwe kavu kwa tangi la matumbawe?
Jiwe kavu, yaani lisilo na viumbe, ni nafuu na halileti mgeni usiyemjua, ila bakteria wa kusafisha amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa tangini) huchukua wiki kadhaa kujijenga. Jiwe hai, yaani lenye viumbe, huja na bakteria hao tayari, pamoja na abiria, viumbe waliojificha ndani yake. Mulika usiku kwa tochi nyekundu: huenda ukamwona mnyoo wa waridi mwenye miiba myeupe ubavuni. Mwache, anakula mabaki. Usimguse kwa mkono mtupu. Ninayemhofia mimi ni aiptasia, anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua) mdogo wa kahawia mwenye minyiri mirefu: ukimkwangua, kipande kilichobaki huota upya. Huna muda wa kukesha ukichungulia? Anza na kavu. Kama unalo tangi dogo la karantini na subira, chukua hai.